Dk. Abdulrahman Al-Sumait: Tumkumbuke kama wanafunzi wake

Mtu mwema anapofariki, sisi Waislamu tunajua la kufanya. Tunamwosha, tunamkafini, tunamswalia na kumzika. Tunawafariji wafiwa, tunamwombea maghufira, na kila mmoja wetu hutaja jema alilolishuhudia kwake. Ndivyo ilivyo Bariadi, Maswa na Lamadi, na ndivyo ilivyo Unguja na Mombasa. Kisha siku hupita. Wakulima hurudi katika mashamba yao ya pamba, wafanyabiashara hufungua maduka, na jina la marehemu huanza kutajwa kwa nadra, mpaka likabaki vinywani mwa watoto wake peke yao.

Swali tunalotaka kuliweka mbele ya familia zetu wiki hii ni hili: je, kumbukumbu ya mtu mwema humalizika kwa dua na sifa, au liko deni jingine linalobaki juu yetu sisi tulio hai? Tumechagua kulitazama swali hilo kupitia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa tabibu kwa taaluma na mwalimu kwa matendo yake. Hakuzaliwa Afrika, lakini aliipa Afrika sehemu kubwa ya umri wake. Naye ni Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait.

Dk. Al-Sumait alifariki dunia siku ya Alhamisi, 15 Agosti 2013, wiki moja baada ya Idd el-Fitri, akiwa na umri wa miaka 65 na baada ya kuugua kwa muda mrefu. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu siku hiyo. Vijana wetu wengi walioko sekondari leo walikuwa wachanga wakati huo, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa. Hata hivyo, nchini mwetu kipo chuo kikuu chenye jina lake, huko Chukwani, Unguja, na kijana wa Simiyu anaweza kupeleka maombi ya kusoma hapo bila kujua jina hilo ni la nani. Ni haki yake aelezwe.

Kutoka wodini hadi vijijini

Alizaliwa Kuwait tarehe 15 Oktoba 1947. Alisomea udaktari na upasuaji katika Chuo Kikuu cha Baghdad, kisha akaenda Uingereza, ambako mwaka 1974 alipata stashahada ya magonjwa ya nchi za joto katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Kutoka hapo alivuka bahari hadi Canada, akabobea katika magonjwa ya ndani na ya mfumo wa chakula katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Alipita London kwa utafiti wa saratani ya ini, na mwaka 1980 akarejea kwao kufanya kazi katika Hospitali ya Al-Sabah akiwa daktari bingwa.

Mzazi yeyote anajua njia hiyo ina maana gani. Kijana aliyefika hapo ameshafika. Ana cheo, ana mshahara, ana heshima ya watu, na nchi yake ni miongoni mwa nchi tajiri duniani. Angebaki wodini akatibu wagonjwa kwa uaminifu mpaka kustaafu, asingelaumiwa na yeyote, na ujira wake mbele ya Mola wake tunautaraji kuwa mkubwa.

Lakini tabia ya mtu huonekana mapema. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana mdogo wa shule aliwaona vibarua wakisubiri usafiri juani katika joto kali la Kuwait. Yeye na wenzake wakachangishana, wakanunua gari kuukuu, akawa anawabeba vibarua wale bila malipo. Alipokuwa mwanafunzi Montreal, aliwaomba wanafunzi wenzake wa Kiislamu mchango wa dola moja moja, ili vichapishwe vijitabu vya kuifundisha dini na kupelekwa kwa Waislamu wasiokuwa na vitabu. Haba na haba hujaza kibaba. Mambo hayo mawili tunaomba msomaji ayaweke akilini, kwani tutayarudia.

Safari yake ya Afrika ilianzia Malawi. Mwanamke mmoja wa Kuwait alitaka mali yake ijenge msikiti nje ya nchi, na Dk. Al-Sumait akaibeba amana hiyo. Alikwenda kujenga msikiti, akakuta haja iliyozidi msikiti. Aliwakuta Waislamu wa majina ambao hawakuwa na wa kuwafundisha hata namna ya kuswali. Aliwakuta watoto wakiumwa maradhi ambayo maji safi na chakula vingetosha kuyazuia. Mwaka 1981 ikaundwa taasisi ambayo watu wa Afrika Mashariki waliizoea kwa jina la Africa Muslims Agency, na ambayo tangu mwaka 1999 inaitwa Direct Aid. Miaka michache baada ya kuanza kazi hiyo aliiacha ajira ya hospitali, na kwa karibu miaka thelathini Afrika ikawa ndiyo wodi yake.

Namna tabibu alivyosoma dalili

Kuna jambo katika kazi zake ambalo ni daktari tu angeliona upesi. Mgonjwa wa kuhara hupewa dawa akapona. Akirudi nyumbani akayanywa maji yale yale ya dimbwi, baada ya wiki mbili atarudi hospitali. Daktari anaweza kumtibu mara kumi na asiwe ameugusa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uko dimbwini.

Sisi wa Simiyu hatuhitaji kuelezwa hayo kwa kirefu. Katika vijiji vyetu vingi, hasa upande wa Meatu, Itilima na Maswa, mama na binti yake huamka alfajiri wakati wa kiangazi kufukua mchanga katika mto uliokauka ili wapate ndoo moja ya maji. Mara nyingine binadamu na ng'ombe hunywa katika lambo moja. Ndiyo maana mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zetu unasubiriwa na watu kwa hamu. Ndoo ile ya maji hubeba mengi: afya ya mtoto, muda wa mama, na masomo ya binti anayechelewa shule kwa sababu ya foleni ya kisimani.

Dk. Al-Sumait alizifuata dalili mpaka zilikotoka. Palipohitaji dawa pakajengwa zahanati, na palipohitaji maji pakachimbwa kisima. Baada ya maji alimwona yatima asiye na wa kumlipia ada, kisha shule isiyo na mwalimu, na mwisho akafika kwenye chuo cha kumwandaa mwalimu mwenyewe. Hesabu zinazotajwa kwa kazi za taasisi yake katika bara hili ni kubwa: misikiti ipatayo 5,700, visima karibu 9,500, shule 860 na vyuo vikuu vinne, mbali na maelfu ya yatima waliolelewa na kusomeshwa. Huduma hizo hazikufungiwa Waislamu peke yao. Kisima kikishatoa maji, jirani huchota bila kuulizwa anaswali wapi. Kwa mkoa kama wetu, ambamo Waislamu tunaishi katikati ya majirani Wakristo na wenye mila za asili, huo ni uungwana wa kuigwa, na ni dini yetu yenyewe inavyotuagiza.

Ng'ombe asiyechinjwa

Mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, tuzo inayotolewa Saudi Arabia na kuheshimiwa duniani kote. Iliambatana na riyali 750,000. Fedha hizo zilikuwa zake kwa halali, na hakuna ambaye angemuuliza amezitumiaje. Yeye aliziweka wakfu kwa ajili ya elimu ya watoto wa Afrika, ili zizalishe, na kinachozalishwa kisomeshe.

Wapo wasomaji wetu wanaolisikia neno wakfu misikitini bila kupata nafasi ya kulitafakari. Mfugaji wa Bariadi analielewa kuliko watu wengi, ila pengine hajaambiwa kwamba analielewa. Mtu mwenye ng'ombe wa maziwa ana njia mbili. Anaweza kumchinja leo, mji mzima ukala nyama kwa siku mbili na kumsifu mwenyeji. Au anaweza kumtunza, watoto wakanywa maziwa mwaka hadi mwaka, na ndama wakazaliwa kuendeleza zizi. Mwenye kuweka wakfu amechagua njia ya pili: mali yenyewe haiguswi, matunda yake ndiyo hutumika. Mwenyewe anapofariki, maziwa yanaendelea kukamuliwa.

Sote tumefundishwa hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu yale matatu yanayobaki kumfaa mtu baada ya amali zake kukatika: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Mara nyingi tunaisoma hadithi hiyo makaburini, wakati aliyelazwa hana tena nafasi ya kuongeza kitu. Dk. Al-Sumait aliisoma akiwa hai na mwenye nguvu, akaifanya kuwa mpango wa maisha.

Chukwani: mti alioupanda kwetu

Mwaka 1998 taasisi yake ilianzisha chuo cha elimu huko Chukwani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, kilichojulikana kama University College of Education Zanzibar. Mwaka huo huo kilianzishwa pia Zanzibar University, huko Tunguu. Kabla ya hapo kijana wa Visiwani aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari. Baada ya kifo chake, chuo cha Chukwani, kikiwa sasa chuo kikuu kamili, kimebeba jina la Abdulrahman Al-Sumait.

Tuangalie kilichochaguliwa. Taasisi ilikuwa na uwezo wa kujenga jengo la fahari la aina yoyote, ikaamua kuandaa walimu. Mwalimu mmoja wa sekondari husimama mbele ya madarasa kadhaa kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka anapostaafu. Miongoni mwa wanafunzi wake watatoka wauguzi, mafundi, mahakimu, wakulima wenye maarifa, na walimu wengine watakaofundisha baada yake. Wahitimu wa Chukwani wamesambaa Visiwani na Bara. Wengi wao hawakuwahi kumwona Dk. Al-Sumait kwa macho, na wanafunzi wanaowafundisha pengine hawajui hata kama aliwahi kuishi. Hata hivyo somo linapoeleweka darasani, fungu lake limo.

Ndiyo sababu tunamwita mwalimu, ingawa kazi yake haikuwa ya ubao na chaki.

Nyumba iliyokubali

Kurasa hizi ni za familia, kwa hiyo itakuwa upungufu tukimtaja yeye peke yake. Mkewe, anayejulikana kwa kunya ya Umm Suhaib, alikuwa mshirika wake katika kazi hii. Alitoa mali aliyorithi kwa ajili ya kheri, akafuatana na mumewe katika safari ambazo hazikuwa na starehe, na baadaye wakahamia pamoja Madagascar, katika mji wa Manakara, ili kuwa karibu na watu waliowahudumia. Watoto wao walisafiri nao vijijini na kuyaona maisha ambayo wasingeyaona Kuwait.

Naye mwenyewe hakuwa na afya ya chuma. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na moyo wake ulimsumbua zaidi ya mara moja. Alisafiri na dawa zake, akipita njia za vumbi na matope kufika vijiji ambavyo magari hayafiki kwa urahisi. Hatusemi hivyo kumshawishi mgonjwa apuuze ushauri wa daktari wake, kwani yeye mwenyewe alikuwa daktari na alijua thamani ya tiba. Tunasema ili ieleweke kwamba kazi ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na nyumba nzima. Mume anayetoa huku mke amenuna, au mke anayetoa huku mume anahesabu, sadaka yao huwa nzito kubebeka. Nyumba ile ilikuwa imekubaliana.

Simiyu tunajifunza nini

Hapa ndipo tunapolazimika kusema jambo ambalo huenda lisimpendeze kila msomaji. Sisi Waislamu wa Bara, hasa wa mikoa ambayo idadi yetu si kubwa, tumezoea kuwakumbuka watu wa aina ya Dk. Al-Sumait kama wafadhili. Tunasimulia walivyotujengea na walivyotuchimbia. Kisha tunaketi kumsubiri mwingine kama yeye. Kisima kikiharibika pampu, tunaandika barua kwa wafadhili, na wakati mwingine miaka inapita pampu ikiwa imelala, hali fedha za kipuri zingeweza kupatikana kwa mchango wa Ijumaa chache. Msikiti unakuwa na mnara mzuri, na mwalimu wa madrasa yake hana posho ya uhakika.

Anayemkumbuka kama mfadhili atamlilia kwa kuwa msaada umekoma. Anayemkumbuka kama mwalimu atajiuliza amefundishwa nini. Na somo la kwanza la mwalimu huyu halikuwa la mamilioni. Lilikuwa la kijana wa shule na gari kuukuu, na la mwanafunzi wa ugenini akikusanya dola moja moja. Hakusubiri awe tajiri ndipo aanze, wala hakusubiri taasisi ndipo atoe. Kutoa ni moyo, wazee walisema, usambe ni utajiri.

Mkoa wetu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na sensa ya mwaka 2022 ilitukuta tukiwa zaidi ya watu milioni mbili. Watu wote hao wanahitaji madaktari, wauguzi na walimu, na watumishi hao hawawezi kuletwa wote kutoka mbali. Lazima wengine watoke katika nyumba zetu: mtoto wa mkulima wa pamba wa Itilima, wa mvuvi wa Busega, wa mama muuza vitenge wa sokoni Bariadi. Masomo ya udaktari ni miaka mitano chuoni na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na njia hiyo huanza mapema, pale kijana wa kidato cha nne anapofaulu sayansi na kuchagua tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Wengi hukatikia hapo. Baadhi hawakosi akili. Hukosa nauli, godoro la bweni, vitabu, taa ya kusomea, au mtu mzima wa kumwambia baba kwamba binti huyu asiozwe bado.

Basi tunapendekeza mambo ambayo msikiti wowote wa Simiyu unaweza kuyafanya bila kusubiri ndege kutoka Ghuba. Kamati ya msikiti itenge ekari moja au mbili za wakfu, zilimwe pamba au choroko kwa zamu za waumini, na mapato yaandikwe katika daftari linalosomwa hadharani. Mapato hayo yamsomeshe mtoto mmoja wa sayansi, wa kike au wa kiume, mpaka afike mwisho, na akishamaliza afuate mwingine. Mfugaji aliyejaliwa atoe mtamba mmoja awe wa wakfu kwa ajili ya mwalimu wa madrasa. Daktari, muuguzi au mwalimu Mwislamu aliyepangiwa kazi mkoani kwetu atenge saa moja kwa wiki akawasaidie watoto wa mtaa somo analolijua. Na kila kisima kiwe na kamati, mfuko wa matengenezo na fundi anayejulikana kwa jina.

Kiasi si kikubwa. Lakini ekari moja ikitunzwa kwa uaminifu kwa miaka ishirini inaweza kumtoa tabibu mmoja na walimu wawili, na hao nao watakuwa na ekari zao.

Tunawaomba wazazi, usiku mmoja wiki hii baada ya swala ya Isha, wawakusanye watoto na kuwasimulia habari za daktari huyu. Wawaeleze alikosoma, alichokiacha na kwa nini chuo cha Chukwani kina jina lake. Kisha wawaulize watoto, na wajiulize wenyewe: katika nyumba hii tuna nini ambacho kinaweza kutengwa leo, kikaendelea kutoa maziwa sisi tutakapokuwa hatupo? Jibu likipatikana, liandikwe, na mtu mmoja akabidhiwe kulisimamia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait, aikunjue qabri yake na aipokee kazi yake. Awarehemu pia matabibu na walimu wetu wote waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, waliotutibu na kutufundisha katika vijiji vyetu. Na atujaalie sisi kuwa wanafunzi waliolielewa somo. Amin.